Aliye Tumboni Ana Haki: Madhara ya Ulevi na Dawa za Kulevya kwa Mtoto Asiyezaliwa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu tumboni mwa mamaye hatua baada ya hatua. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Wiki hii twawaomba wasomaji wetu, khasa mama zetu na dada zetu, watupe sikio katika jambo ambalo aghalabu husemwa kwa kunong'ona. Nalo ni madhara yanayompata mtoto aliye tumboni pindi mamaye anywapo pombe, avutapo au ajidungapo dawa za kulevya, ama amezapo dawa za dukani bila ya kuuliza. Tutaanzia katika mitaa miwili ya Nairobi, Kibera na Kawangware, kisha turudi nalo nyumbani kwetu Pwani. Hatukuichagua mitaa hiyo kwa kuwa watu wake ni waovu kuliko wengine. Tumeichagua kwa kuwa huko ulevi wa bei nafuu unauzwa hatua chache kutoka mlango wa mama mja mzito, na kwa kuwa wengi wa mabinti zetu waendao Nairobi kutafuta riziki hukodi chumba katika mitaa kama hiyo.

Kibera si ugenini

Muislamu wa Pwani asidhani kuwa Kibera ni nchi ya watu wengine. Jina lenyewe, Kibra, ni neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Mwanzoni mwa karne ya 20 Waingereza waliwakalisha hapo askari wa Kinubi, Waislamu wenye asili ya Sudan, waliotumikia kikosi cha King's African Rifles. Mpaka leo ukifika Makina utausikia mwadhini, na utawakuta wajukuu na vilembwe wa askari wale. Wamekaa hapo zaidi ya miaka mia moja, ilhali hati ya ardhi ya jamii yao, ya ekari 288, waliipata mwaka 2017 tu.

Historia haifichi jambo jingine. Katika zama za ukoloni Kibera ilipata sifa mjini Nairobi kwa pombe kali iliyotoneshwa huko, ambayo watu waliipa jina la Wanubi wenyewe, na waliokuwa wakiitonesha walikuwa aghalabu wanawake. Hatulitaji hili ili kuwaaibisha ndugu zetu, ambao miongoni mwao mna maulamaa na mahufadhi. Twalitaja ili tufahamu kuwa umaskini, na kukosa ardhi na kazi, huweza kumsukuma hata mtu wa nyumba ya Kiislamu kwenye biashara ambayo moyo wake unaikataa.

Pombe hiyo leo inaitwa chang'aa. Nafaka na sukari huchachushwa ikawa kangara, kangara ikachemshwa katika pipa, na mvuke wake ukapozwa ukawa maji meupe makali. Kwa kuwa kazi hiyo yataka maji mengi ya kupozea, mapipa hayo hufichwa kandokando ya mito. Mpishi mara nyingi ni mama: mjane, au aliyeachwa, au ambaye mumewe hana kazi. Kawangware nayo imepakana na Lavington, mtaa wa matajiri, na wanawake wake huamka alfajiri kwenda kungoja kibarua cha kufua nguo katika nyumba za watu. Siku ambayo kibarua hakikupatikana, kodi ya nyumba haingoji. Jirani anayeuza chang'aa humpa mwenzake kazi ya kuuza, na anayeuza huonja ili kumthibitishia mteja. Akiwa na mimba, basi wameonja wawili.

Serikali ilipiga marufuku chang'aa kwa sheria ya mwaka 1980, na marufuku hayo yakaondolewa na sheria ya vileo ya mwaka 2010, iliyotaka pombe hiyo itengenezwe kwa leseni na kutiwa katika chupa zenye maelezo. Chang'aa ya vichochoroni haina chupa wala maelezo. Hupimwa kwa kikombe, na hakuna ajuaye ukali wake wala kilichochanganywa ndani. Mnamo Novemba 2000, katika vitongoji vya Mukuru hapohapo Nairobi, pombe iliyotiwa methanoli iliua watu zaidi ya 100, na wengine wakapofuka. Kama hayo humpata mtu mzima mwenye ini lililokomaa, tujiulize hali ya kiumbe ambacho ini lake bado halijakomaa.

Yanayotokea tumboni

Mtoto aliye tumboni hulishwa kwa njia ya kondo la nyuma na kitovu. Watu wengi hudhani kuwa kondo ni chujio, kwamba linapitisha chakula na kuzuia sumu. Sivyo. Pombe hupita humo bila ya kizuizi, na baada ya muda mfupi kiasi kilichomo katika damu ya mtoto hukaribia kile kilichomo katika damu ya mama. Mama ana ini la kuivunja pombe hiyo. Mtoto hana uwezo huo, na maji yanayomzunguka tumboni huihifadhi pombe, ikawa anaogelea ndani yake hata baada ya mamaye kuzindukana.

Viungo vya mtoto, yaani moyo, macho, masikio, mikono na miguu, huumbika zaidi baina ya wiki ya 3 na ya 8. Katika wiki hizo wanawake wengi hawajatambua bado kuwa wana mimba. Ubongo nao hujengeka tangu mwanzo wa mimba hadi siku ya kuzaliwa na baada yake, kwa hiyo hakuna mwezi ambao pombe huwa salama. Shirika la Afya Duniani halitambui kiasi chochote cha pombe kuwa ni salama kwa mja mzito, na madaktari hawajapata kipimo ambacho waweza kusema mpaka hapa hapana dhara.

Mwaka 1968 daktari Paul Lemoine wa mji wa Nantes, Ufaransa, aliandika habari za watoto 127 waliozaliwa na wazazi walevi. Aliona kuwa wanafanana ijapokuwa si ndugu. Mwaka 1973 madaktari Kenneth Jones na David Smith wa Seattle, Marekani, waliona alama zilezile kwa watoto wa kwao, wakaupa ugonjwa huo jina. Alama zake za usoni ni tatu: macho yenye mfunuko mfupi, mdomo wa juu mwembamba, na ule mfereji ulio baina ya pua na mdomo kuwa tambarare. Mtoto huzaliwa mdogo, kichwa chake kidogo, na wengine huwa na kasoro za moyo, figo, mifupa au masikio.

Hata hivyo uso si mzigo mkubwa. Mzigo mkubwa ni ubongo. Mtoto huyu husahau leo alilofundishwa jana. Hesabu humshinda, kutulia humshinda, na kufahamu kwamba kitendo fulani kina matokeo fulani humshinda. Shuleni huitwa mjinga, na madrasa huitwa mtukutu, akachapwa kwa jambo ambalo hakulichagua. Tena wengi wa watoto hawa hawana zile alama za usoni kabisa, ikawa hakuna anayetambua wanaumwa nini. Walimu wa madrasa wanaotusoma na walizingatie hili kabla ya kuinua mkono.

Watafiti waliokusanya takwimu za nchi mbalimbali na kuzichapisha mwaka 2017 walikadiria kuwa watoto wapatao 119,000 huzaliwa kila mwaka duniani wakiwa na ugonjwa huu kwa ukamilifu wake, na kwamba katika kila wanawake 67 wanaokunywa pombe wakiwa na mimba, mmoja huzaa mtoto wa namna hiyo. Hao ni wale wenye alama zote. Walioathirika ubongo bila ya alama za usoni ni wengi zaidi.

Barani Afrika mahali palipochunguzwa sana ni Rasi ya Magharibi, Afrika Kusini, ambako idadi ya watoto hao ni miongoni mwa kubwa kabisa zilizowahi kuandikwa duniani. Huko, kwa muda mrefu, wenye mashamba ya mizabibu waliwalipa wafanyakazi wao sehemu ya ujira kwa mvinyo. Desturi hiyo ikapigwa marufuku, lakini ulevi ukabaki majumbani, na wajukuu wa wale vibarua wakazaliwa nao. Hapa pana mazingatio. Pale ambapo riziki ya maskini imefungamanishwa na pombe, anayelipa deni ni mtoto ambaye hakuwapo siku ya kukopa.

Si pombe peke yake

Sasa turudi Pwani, tusije tukamnyoshea kidole jirani. Sisi tuna mnazi, ambao huanza kuchacha saa chache tu baada ya kugemwa. Tuna muguka, miraa, shisha, bangi na unga. Kila kimoja kina namna yake ya kudhuru, na ni vyema tutofautishe, kwa sababu anayetishwa kwa uongo huacha kuamini hata ukweli.

Tumbaku, iwe ni sigara, ugoro, ya kutafuna ama ya shisha, hupunguza hewa safi na damu inayomfikia mtoto. Matokeo yake ni mtoto kuzaliwa na uzito mdogo, kuzaliwa kabla ya wakati, ama kondo kubanduka na mama kutokwa na damu nyingi. Imehusishwa pia na mdomo uliopasuka. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku shisha Desemba 2017, lakini bado kuna wanaoiona kuwa ni mvuke wa matunda tu, nao hujiburudisha kwayo katika shughuli za kike.

Miraa na muguka hukaza mishipa ya damu na kuondoa hamu ya chakula. Tafiti za Yemen na Ethiopia zimezihusisha na watoto wanaozaliwa na uzito mdogo. Mei 2024 Kaunti ya Mombasa ilitangaza marufuku ya muguka na mahakama ikayasimamisha. Mzozo ule ulikuwa wa biashara na sheria, lakini mama mja mzito hana haja ya kungoja hukumu ya mahakama ndipo ajizuie. Bangi nayo hupunguza uzito wa mtoto, na kuna wasiwasi wa kitabibu juu ya ukuaji wa ubongo wake.

Unga, yaani heroini, una balaa lake. Mtoto anayebebwa na mama anayeutumia huuzoea tumboni. Akizaliwa na kitovu kukatwa, arosto humshika, mara nyingi katika siku tatu za mwanzo. Hulia kilio kikali kisichonyamazishika, hutetemeka, hashiki titi vizuri, hutapika, huharisha, na wengine hushikwa na degedege. Asipotibiwa aweza kufa, na akitibiwa hospitalini aghalabu hupona. Tukio hili si geni katika miji yetu ya Pwani, ambako unga umekula vijana kwa zaidi ya kizazi kimoja.

Kisha iko gundi ya viatu wanayonusa wasichana wanaolala mitaani. Mvuke wake huweza kumletea mtoto alama zinazofanana mno na zile za pombe. Na wako wasichana ambao, kwa kuogopa wazazi, hunywa chang'aa nyingi au mchanganyiko wa vidonge wakitaka mimba itoke. Mara nyingi mimba haitoki, ila hubaki na jeraha.

Hata dawa halali ina mipaka. Mwaka 1957 Ujerumani Magharibi ilianza kuuzwa dawa ya usingizi iitwayo thalidomide, na wanawake wakaipenda kwa kutuliza kichefuchefu cha mimba. Ilipoondolewa mwaka 1961 watoto wapatao 10,000 duniani walikuwa wamekwisha kudhurika, wengi wakiwa na mikono na miguu mifupi kama mapezi. Katika dawa za leo, zipo za chunusi kama isotretinoin na za kifafa kama valproate ambazo huharibu umbile la mtoto, na tetrasaiklini huharibu meno yake. Kwa hiyo mja mzito asimeze dawa ya shoga yake wala ya duka la mtaani bila ya kusema kuwa ana mimba. Na mwenye kifafa, kisukari, kifua kikuu au virusi vya ukimwi asiache dawa zake kwa kusoma makala haya. Aende kwa daktari, ambaye huzibadilisha panapohitajika. Kuacha kwa hofu nako kwaweza kuua.

Sheria yetu yasemaje juu ya aliye tumboni

Ulevi ni haramu kwa kila Muislamu, mwenye mimba na asiye na mimba, na Mtume (s.a.w.) alitufundisha kuwa hukumu ya kileo kidogo ni sawa na ya kingi. Hilo halina mjadala. Tunalotaka kuliongeza ni kuwa mtoto aliye tumboni ana haki iliyo yake peke yake, na fiqhi imeilinda kabla ya hospitali kujengwa.

Tazameni saumu. Ni nguzo ya dini, lakini mja mzito akihofia nafsi yake au mtoto wake anaruhusiwa kufungua, na katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi akifungua kwa kumhofia mtoto tu hulipa siku na kutoa fidia. Tazameni mirathi. Mtu akifa na kuacha mke mwenye mimba, fungu la aliye tumboni huwekwa mpaka azaliwe, wala ndugu hawana ruhusa ya kulila. Tazameni diya. Ilipotokea kwa wanawake wawili wa Hudhayl kuwa mmoja alimpiga mwenzake, naye akafa pamoja na aliyekuwa tumboni, Mtume (s.a.w.) alihukumu ilipwe fidia ya kile kiumbe. Na tazameni yule mwanamke wa Ghamid aliyekuja kukiri kosa lake akiwa na mimba. Mtume (s.a.w.) alimrudisha mpaka ajifungue, kisha mpaka amwachishe mtoto ziwa.

Basi ikiwa chakula na maji, ambavyo mchana wa Ramadhani ni haramu kwa mwenye kufunga, vimeruhusiwa kwa ajili ya mtoto huyu, vipi kitu kilicho haramu usiku na mchana kiachwe kimfikie na kumharibu? Na Qur'ani yenyewe, katika Suratul Baqara aya ya 219, haikukanusha kuwa ulevi una manufaa fulani kwa watu. Iliyapima manufaa hayo na dhambi yake, na dhambi ikashinda. Manufaa ya chang'aa Kibera ni kodi ya nyumba na karo ya shule. Twayajua, wala hatuyadharau. Lakini upande wa pili wa mizani yuko mtoto ambaye hataweza kuisoma hiyo shule.

Aibu hufunga mlango

Hapa ndipo tulipotaka kufika. Madhara haya hayana dawa ya kuyaondoa yakishatokea, lakini kuzuilika yanazuilika. Na kinachozuia kinga kuliko umaskini ni aibu. Mama anayekunywa au kuvuta hujua kuwa akienda kliniki ataulizwa, na akijibu atasimangwa. Basi haendi. Hujificha mpaka uchungu umshike, na kila wiki anayojificha ni wiki ambayo angeweza kusaidiwa. Sisi wa misikitini tunapomtia alama mwanamke huyo mbele ya watu, huwa hatukumuokoa yeye wala mtoto. Huwa tumemsaidia kujificha.

Kuacha katika mwezi wowote kuna faida. Aliyekunywa miezi mitatu ya mwanzo asiseme kuwa maji yamekwisha kumwagika, kwani ubongo wa mtoto unaendelea kujengeka, na kila siku ya salama ni faida kwake. Lakini kuacha kuna elimu yake. Mlevi sugu akiacha pombe ghafla huweza kushikwa na mitetemeko na kifafa, kwa hiyo aachishwe mikononi mwa tabibu. Teja mwenye mimba akiacha unga ghafla mimba yaweza kuharibika au mtoto akafa tumboni. Wazazi wanaomfungia binti yao chumbani ili aache kwa nguvu huwa na nia njema, na wanahatarisha roho mbili.

Dawa inayotumika ni methadoni, inayonywewa kila siku mbele ya mhudumu. Nchini Kenya huduma hiyo ya serikali ilianza Desemba 2014 katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, kisha ikaletwa Malindi na Kisauni. Kuna waulizao, je, si ulevi juu ya ulevi? Jawabu ni kuwa methadoni hutolewa kwa kipimo cha daktari, huondoa arosto, humtoa mama kwenye sindano na mitaani, na humtulizia mtoto tumboni. Mtoto wake huenda akahitaji matibabu baada ya kuzaliwa, lakini huzaliwa mahali ambapo matibabu yapo. Kuchagua dhara lililo dogo ili kuepuka lililo kubwa ni katika kanuni zinazojulikana za fiqhi. Mombasa ipo pia jumuiya ya MEWA, iliyoanzishwa na Waislamu wenyewe, ambayo kwa miaka mingi imewahudumia waraibu. Na mamlaka ya NACADA ina simu isiyolipiwa, 1192, ambayo mtu aweza kupiga akaeleza shida yake kwa faragha.

Upande wa pili wa aibu ni dhulma. Si kila mtoto mwenye kilema mamaye alikunywa. Kasoro nyingi za kuzaliwa sababu yake haijulikani, nyingine hutokana na maradhi au nasaba, na mgongo wazi huchangiwa na upungufu wa asidi ya foliki, ambayo mama hupaswa kuipata hata kabla ya kushika mimba. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano wa pakiti utiwe virutubisho, pamoja na foliki, lakini maskini hununua unga wa posho uliosagwa mtaani, ambao kwa kawaida hauna. Basi atakayemuona mwanamke amembeba mtoto wa namna hiyo na kuanza kumdhania, amejitwika dhambi ya dhana mbaya. Mtoto mwenye ulemavu ni amana ya Mwenyezi Mungu kwa wazazi wake, na ana fungu lake katika madrasa, katika chakula cha Idi na katika mapenzi.

Kazi ya nyumba nzima

Tumesema na mama kwa kirefu, na sasa twasema na walio kando yake. Ugonjwa tulioueleza hutokana na pombe anayoinywa mama, lakini mara ngapi kikombe cha kwanza kililetwa na mume? Mume anayevuta sigara chumbani anamvutisha mkewe na mwanawe. Mume anayekula muguka usiku kucha na kumwachia mkewe senti za mkate anamnyima mtoto chakula kabla hajazaliwa. Kumpeleka mke kliniki na kumpa nauli bila ya kuombwa ni katika nafaka na matunzo aliyoyakubali siku ya ndoa.

Mama mkwe, mshenga na makungwi wana neno linalosikizwa kuliko letu. Waache kusema kuwa mnazi huongeza maziwa au kwamba bia nyeusi huongeza damu. Damu huongezwa na mboga za majani, kunde, ndege, dagaa, na vidonge vya madini ya chuma vinavyotolewa kliniki. Anayehitaji kombe na liandikwe kwa zafarani kama walivyoandika wazee wetu, lakini unga wa mizizi usiojulikana jina lake usitiwe humo.

Aliyeko Kibera anayo Hospitali ya Mbagathi karibu naye. Juni 2013 serikali ilitangaza kuwa kujifungua katika hospitali za umma hakulipiwi, lakini na aulize mapema utaratibu wa malipo ulivyo sasa. Afike kliniki kabla ya wiki ya 12, na aendelee kufika. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linashauri mara 8 katika mimba moja. Na akiulizwa anachotumia, aseme kweli. Muuguzi asipojua hawezi kusaidia.

Na misikiti yetu, ya Makina, ya Kawangware na ya Pwani, ina deni. Mwanamke anayeuza chang'aa hatoachishwa kwa khutba pekee. Yeye anataka kodi ya mwezi ujao. Zaka tunayoikusanya, ambayo masikini na mafakiri wametajwa mwanzo katika wanaoistahiki, yaweza kumpatia cherehani, mtaji wa mandazi au wa mboga. Kamati ya wanawake ya kila msikiti yaweza kuwa na mama mmoja anayeaminika, mwenye kuhifadhi siri, ambaye binti mwenye mimba na mwenye kutumia aweza kumwendea usiku bila ya kuogopa kuwa kesho atakuwa gumzo la mtaa. Hilo halihitaji jengo wala mfadhili. Lahitaji mtu mmoja mwenye ulimi uliofungwa na mlango uliofunguliwa.

Dada yetu unayesoma haya na una siri hiyo moyoni, Mola wako hajafunga mlango wa toba, basi nasi tusikufungie mlango wa kliniki. Nenda kesho, wala usingoje mwezi uandame.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awahifadhi waja wazito wote, awape wepesi siku ya uchungu, awajaalie watoto wema wenye siha, awape subira na malipo wale waliopewa watoto wenye ulemavu, na awafungulie njia ya halali wale waliobanwa na riziki. Wabillahi tawfiq.